Kura ya Loisa na Daftari la Hudson

Loisa alikuwa anakuna nazi aliposikia mtu akikohoa nje. Kikohozi kile alikijua. Kilikuwa cha Hudson, binamu wa mumewe. Hudson hakohoi kwa sababu ya mafua. Anakohoa ili watu wajue kwamba amefika mtu wa maana.

"Hodi, shemeji!"

"Karibu, shemeji. Panda juu."

Hudson akapanda ngazi ya nyumba, akaketi kwenye mkeka bila kungoja kuambiwa. Akatoa popoo ya kutafuna mfukoni, akaitia mdomoni, akalamba chokaa kidogo. Meno yake yalikuwa mekundu tayari. Kwapani alibana daftari la shule lenye jalada la kijani.

"Kaspa yuko wapi?" akauliza.

"Ameshuka pwani. Anasafisha injini ya boti."

"Vizuri. Boti itunzwe. Boti ni ya Mkubwa ile."

Mkubwa ndiye mbunge wao. Ana jina lake, lakini pale kijijini Tolavae hakuna aliyelitaja. Watu wote walimwita Mkubwa tu. Yeye ndiye aliyeleta boti ya jimbo, na Kaspa ndiye nahodha wake. Kazi ile iliwalisha. Kazi ile ndiyo iliyomsomesha binti yao, Delma. Na Hudson alikuwa wakala wa Mkubwa. Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki tatu.

"Nipe kadi yako ya kura," Hudson akasema.

"Ya nini, shemeji?"

"Nipe tu. Naandika namba, nakurudishia. Kijiji kizima nimeshakiandika."

Loisa akafuta mikono, akaileta kadi. Hudson akaandika namba polepole, huku ulimi ukiwa nje. Kisha akalifunga daftari na kulipigapiga.

"Sasa sikiliza. Mwaka huu kuna mashine kule mji mkuu, Honiara. Ukishapiga kura, mashine inasoma namba ya kadi yako. Inatoa jina la uliyempigia. Mimi nitakaa na daftari langu, nalinganisha. Namba yako ikimpigia mtu mwingine, nitajua."

"Mashine inaweza hivyo?"

"We! Lisemwalo lipo, shemeji. Kama halipo, laja." Akatema mate mekundu dirishani. "Kaspa ni ndugu yangu wa damu. Sitaki kuiona boti ikipewa mtu mwingine."

Alisema kwa upole kabisa. Kisha akaomba kipande cha nazi, akala, akaenda zake. Loisa alibaki ameshika mbuzi ya kukunia nazi. Kijasho chembamba kilimtoka ingawa jua lilikuwa halijakuwa kali.

Kwa nini aliogopa hivyo? Kwa sababu moyoni alikuwa ameshachagua, na hakumchagua Mkubwa.

Alimchagua Nesi Muriel. Miaka kumi na minne iliyopita, Loisa alishikwa na uchungu, na damu ikawa haikatiki. Zahanati haikuwa na mafuta ya boti. Nesi Muriel hakungoja mtu. Alimlaza Loisa kwenye mtumbwi, akapiga kasia mwenyewe, mvua ikiwanyeshea, mpaka hospitali ng'ambo ya ghuba. Delma alizaliwa wanakaribia kufika. Sasa Nesi amestaafu, na anagombea ubunge. Anasema kila zahanati iwe na mafuta yake ya dharura, yasiguswe na mtu. Watu walimcheka. Mwanamke, tena mzee, ataweza wapi? Loisa hakucheka.

Jioni ile alimweleza mumewe habari za mashine. Kaspa aliacha kula.

"Mama Delma, mpigie Mkubwa. Yaishe."

"Na Nesi je?"

"Nesi ni mtu mwema. Lakini kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nataka kicheko kwangu. Boti ikiondoka, tutakula nini?"

Loisa akaondoa vyombo. Tangu siku ile woga ulihamia nyumbani kwake. Akienda kijitoni kuchota maji, wanawake walinong'ona habari za mashine, kisha walinyamaza akipita mtu wa ukoo wa Hudson. Mmoja alisema mashine ina macho. Mwingine alisema inasikia hata unachowaza. Jamani, uvumi hauna mguu lakini unakimbia! Ndani ya wiki moja mashine ile ilikuwa imeota masikio, macho na pua.

Siku moja Delma alirudi kutoka shule akitabasamu.

"Mama, tumeanza kujifunza uchaguzi kwenye somo la Uraia. Mwalimu Selwyn kasema kila mtu alete swali moja linalomsumbua kweli. Swali langu ndilo limechaguliwa!"

"Umeuliza nini?"

"Nimeuliza, je, mtu anaweza kujua umempigia nani kura?"

Upawa ulimponyoka Loisa, ukaangukia majivuni.

"Umeuliza mbele ya nani?"

"Mbele ya darasa zima. Mwalimu alikwenda akafunga mlango. Halafu akasema, 'Swali hili tulipeleke maktaba.'"

"Ukome! Umesikia? Ukome kabisa. Unataka baba yako afukuzwe?"

Delma alimtazama mama yake. Hakuwahi kumsikia akifoka namna ile.

Siku chache baadaye, asubuhi, Loisa alikutana na Hudson kwenye njia ya shamba. Hudson hakukohoa leo. Alisimama katikati ya njia, akatabasamu kwa meno yake mekundu.

"Shemeji, nasikia binti yako hodari wa maswali."

"Ni mtoto tu, shemeji."

"Ndiyo, mtoto. Lakini mtoto huongea alichokisikia nyumbani. Na yule mama wa maktaba anawajaza watoto vichwa. Shule haitaki siasa. Nimeshamwona mwenyekiti wa bodi ya shule." Akamgusa bega kidogo. "Nenda kamtoe mwanao kule mapema."

Loisa aliitua ndoo yake ya viazi palepale. Hakwenda nyumbani. Alikwenda shuleni moja kwa moja, na udongo wa shamba miguuni.

Maktaba ya shule ilikuwa chumba kimoja kilichoinuliwa juu ya nguzo. Ndani mlinukia karatasi zenye unyevu. Vitabu vingi vilikuwa vya msaada, vingine vimekunjamana kama majani makavu. Wanafunzi wapatao ishirini walikaa sakafuni. Mwalimu Selwyn alikuwepo, na Madam Nesta, mkutubi. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Delma! Toka. Twende nyumbani," Loisa akasema kwa sauti.

Vichwa vyote viligeuka. Delma akainama kwa aibu.

Madam Nesta alimfuata Loisa mlangoni. Hakukasirika.

"Mama Delma, karibu. Umekuja kwa ajili ya lile swali?"

"Madam, nakuomba. Futa hilo swali. Mume wangu yuko kwenye boti. Namba yangu iko kwenye daftari la Hudson. Mnataka kuniua?"

Madam Nesta alishusha pumzi. Akasema kwa sauti ya chini, ili Loisa peke yake asikie.

"Mimi pia naogopa, mama. Tangu nilipoambiwa kuwa bodi itaniita, chakula hakipiti. Lakini nikimfukuza mtoto aliyekuja na swali, hawa wengine hawataniletea swali tena. Naomba nusu saa tu. Kisha mchukue mwanao, wala sitakuzuia."

Loisa akasita. Nusu saa si nyingi. Akaingia, akaketi karibu na mlango, tayari kuondoka.

Mwalimu Selwyn alikuwa anacheka kidogo ili kuondoa ubaridi. "Mama, usishangae kuniona hapa. Mimi nina kitabu kimoja cha Uraia, na mchwa wamekisoma kunizidi. Wameanza na ukurasa wa arobaini. Basi mimi na Madam tunapanga somo pamoja. Mimi nafundisha uchaguzi ni nini. Yeye anawafundisha watoto kutafuta ukweli wake."

Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa. Juu yake palikuwa na maandishi ya wino mweusi. Loisa anasoma polepole, lakini anasoma. Alisoma: *Tumesikia nini? Nani kasema? Yeye kajuaje? Nani mwingine anajua?*

"Delma, mweleze mama," Madam Nesta akasema.

Delma akasimama. Sauti ilikuwa ndogo.

"Tumesikia kuna mashine Honiara. Tuliulizana nani kasema. Kila mtu alisema kaambiwa na mwingine. Tulifuata mpaka mwisho, mama. Wote walifika kwa mtu mmoja, na huyo mmoja hakuna aliyemsikia akisema ameiona."

Hakulitaja jina. Hakuna aliyelitaja.

"Kisha tukatafuta kwingine," Delma akaendelea. "Madam alitutolea sheria ya uchaguzi na kijitabu cha mpiga kura. Vyote vinasema kura ni siri. Lakini Madam akasema, karatasi inaweza kusema jambo na watu wakafanya lingine. Kwa hiyo tuliandika maswali yetu, tukapiga simu ofisi ya uchaguzi ya mkoa. Tulimwuliza pia babu mmoja aliyewahi kuwa karani wa kituo cha kura."

"Wakasemaje?" Loisa akauliza kabla hajajizuia.

"Walisema namba ya kadi ni ya kukutafuta kwenye orodha ya wapiga kura tu. Haiandikwi kwenye karatasi ya kura."

"Ndivyo watakavyosema," Loisa akasema. "Watu wa ofisi watasema vingine?"

Watoto waliguna. Madam Nesta hakuguna. Alipiga makofi.

"Safi sana! Mama Delma kauliza swali zuri kuliko letu sote. Mtu asituamini kwa sababu tu tumesema. Haya, tujaribu wenyewe. Mama, naomba utusaidie kazi moja. Wewe utakuwa wakala."

"Mimi?"

"Wewe. Shika daftari hili. Andika namba za watoto wote. Watapiga kura hapa hapa. Halafu wewe utuambie nani kampigia nani."

Loisa alitaka kukataa, lakini daftari lilikuwa tayari mkononi mwake. Kila mtoto alikuwa na kadi ya karatasi yenye namba. Wagombea walikuwa watatu: Kiazi, Gimbi na Muhogo. Atakayeshinda ndiye atakayepikwa Ijumaa. Watoto wakapanga mstari. Loisa aliandika namba, na akajitahidi kweli. Aliwatazama usoni. Aliwavizia. Kona moja ilizibwa kwa kitenge, na kila mtoto aliingia nyuma yake peke yake, akatia alama, akakunja karatasi, akaitumbukiza kwenye boksi la biskuti.

Mvulana mmoja aliingia na simu ya mwalimu ili apige picha ya karatasi yake. Madam Nesta akamshika.

"Simu hairuhusiwi kule ndani. Na mtu akikuomba picha ya kura yako, anakuomba kitu ambacho hana haki nacho."

Boksi lilifunguliwa. Karatasi zikamwagwa mezani.

"Haya, wakala," Madam Nesta akasema. "Namba zote unazo. Delma kampigia nani?"

Loisa akazigeuza karatasi, moja baada ya nyingine. Akazigeuza tena. Alama tu. Alama na picha za viazi, magimbi na mihogo. Hapakuwa na namba, hapakuwa na jina. Alimtazama binti yake. Anamjua tangu tumboni, anajua anapenda magimbi, lakini karatasi yake hakuijua.

"Sioni," akasema.

"Lete mashine!" mtoto mmoja akapiga kelele, na wenzake wakacheka.

"Mashine itasoma nini, mama?" Delma akauliza polepole. "Namba yenyewe haimo."

Loisa akakaa. Woga ulipungua, lakini si wote. Aliuliza tena, na safari hii hakuwa na hasira.

"Lakini hakuna kabisa wanachoweza kujua?"

Mwalimu Selwyn na Madam Nesta walitazamana. Mkutubi akavua miwani.

"Kipo, na sitakuficha. Wanaweza kujua idadi. Watajua sanduku la Tolavae limetoa kura ngapi kwa huyu na ngapi kwa yule. Kijiji kizima kikimpigia mtu mmoja, basi wameshajua wote. Lakini kura zikichanganyika, wanajua ni ngapi. Hawajui ni nani."

"Basi niambie. Nimpigie nani?"

"Hapana, mama. Hilo usiniulize." Madam Nesta alitikisa kichwa kwa nguvu. "Hata hawa watoto hawajui mimi namtaka nani. Maktaba haina mgombea. Nikiwaambia wamchague nani, nitakuwa nimefungua daftari langu kama mwenye lile la kijani."

Nusu saa ilikuwa imepita zamani. Loisa hakumchukua Delma. Aliondoka peke yake, akairudia ndoo yake ya viazi njiani. Kiazi ndicho kilichoshinda, kwa taarifa yako, na watoto wa magimbi walinuna mpaka Ijumaa.

Usidhani woga uliisha. Woga si mgeni wa kuondoka kwa kuambiwa kwaheri. Bodi ilimwita Madam Nesta kweli. Alikwenda na karatasi ile kubwa ya ukutani, na sheria, na kijitabu. Wajumbe walitafuta jina la mgombea katika kazi za watoto, hawakulipata hata moja. Wakamwacha, lakini walimwambia ajihadhari. Nyumbani Kaspa alikuwa anasema neno lile lile kila jioni: "Mpigie Mkubwa, yaishe." Loisa alimweleza habari za boksi la biskuti. Kaspa alisikiliza, akakuna kichwa.

"Hayo ni ya watoto," akasema. Lakini aliuliza tena, mara mbili, kama kweli namba haimo.

Siku ya kura ikafika. Kituo kilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Watu walijipanga tangu alfajiri. Mbali kidogo, nje ya kamba iliyozungushiwa kituo, Hudson alikaa kwenye kigoda. Daftari lilikuwa limefunguliwa mapajani. Kila mtu aliyepita, yeye aliandika kitu. Baadaye watu walikuja kusema alikuwa anachora tu, lakini siku ile nani angejua?

"Shemeji," akamwita Loisa. "Nimekuona."

Loisa hakugeuka. Aliingia ukumbini. Karani akaitazama kadi yake, akaitafuta namba kwenye orodha, akapiga mstari kwa rula. Akampaka wino kidoleni. Akampa karatasi.

Loisa aliitazama karatasi ile mbele na nyuma. Karani akashangaa.

"Kuna tatizo, mama?"

"Namba yangu iko wapi?"

"Namba yako? Haimo humo, mama. Haitakiwi."

Akaenda kwenye kibanda. Picha za wagombea zilimtazama. Mkubwa alikuwa juu, na tai yake nyekundu. Nesi Muriel alikuwa chini kabisa, na macho yake ya uchovu. Penseli ilimteleza Loisa mkononi, ikaanguka. Aliinama kuiokota. Pale chini, akiwa amepiga magoti, aliisikia sauti ya Hudson nje akicheka na mtu. Akataka kulia. Akaiona boti ikiondoka na mtu mwingine usukani. Akamwona Kaspa amekaa ngazini bila kazi. Karibu aweke alama kwa Mkubwa, yaishe.

Halafu akawaza, Hudson kajuaje? Yuko nje ya kamba. Mimi niko humu. Karatasi haina namba. Kajuaje?

Akasimama. Akatia alama. Akakunja karatasi mara mbili, akaitumbukiza kwenye sanduku. Alitoka, akatembea mpaka nyumbani bila kumsalimu mtu.

Siku nne zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko wiki tatu zilizotangulia. Kabla ya kura unaogopa utakalofanya. Baada ya kura unaogopa ulilolifanya. Redio ilitangaza kwamba Mkubwa ameshinda tena, ila kwa kura chache. Loisa aliposikia alihisi baridi. Kumbe mwenye boti ni yule yule! Angekuwa ameshindwa, labda yote yangekwisha. Sasa Mkubwa alikuwa na nguvu, na Hudson alikuwa na daftari. Kila boti ilipopita kwenye ghuba, Loisa alichungulia dirishani kuona kama wamekuja kumwondoa Kaspa usukani.

Siku ya tano, wakati wanakula viazi vya mchana, kikohozi kikasikika nje.

Kaspa akaacha kutafuna. Loisa akashika ukingo wa mkeka. Delma akamsogelea mama yake.

"Hodi, ndugu zangu!"

"Ka... karibu," Kaspa akasema.

Hudson alipanda ngazi. Alikuwa amechoka, na hakuwa na popoo mdomoni. Alikaa, akalifungua daftari la kijani, akaweka kidole.

"Nimetumwa. Mkubwa amekasirika. Sanduku la Tolavae limetoa kura sitini na tatu kwa yule nesi, na hamsini na nane kwetu. Sitini na tatu! Kijiji chetu! Mashine imenionyesha kila msaliti."

Akashusha kidole kwenye orodha.

"Wa kwanza ni shangazi Beti," Hudson akasema.

"Shangazi Beti?" Kaspa akashangaa. Shangazi Beti alikuwa amevaa fulana ya Mkubwa mwezi mzima, hata kanisani. Alilala nayo.

"Ndiye! Nimetoka kwake sasa hivi. Amenifukuza na ufagio, lakini mashine haisemi uongo." Akafunua ukurasa. "Wengine ninao humu. Nitawafikia mmoja mmoja. Lakini nyinyi nimekuja kuwashukuru. Shemeji Loisa, namba yako nimeiona kwa macho yangu. Umempigia Mkubwa. Safi kabisa. Ahsante sana, shemeji. Boti inabaki kwa Kaspa."

Loisa alifungua mdomo, akaufunga. Akashika kikombe cha maji, akanywa taratibu ili uso wake upate pa kujificha. Ndani ya kifua kitu kizito kilichokaa mwezi mzima kilishuka, kikaisha. Hajui. Huyu mtu hajui lolote, na hajapata kujua lolote maisha yake yote.

"Ahsante kushukuru, shemeji," akasema.

"Lakini kuna balaa," Hudson akaendelea huku akijifuta jasho. "Mkubwa anakuja mwenyewe Jumamosi. Hajatia mguu hapa miaka mitatu! Anataka kujua Tolavae inaumwa nini. Na wale watoto wa maktaba wameandika barua. Wanataka aje awajibu maswali, mbele ya watu. Nani angedhani? Mkubwa kakubali! Eti la kwanza ni mafuta ya zahanati. Delma, ni kweli?"

"Ni kweli, baba mdogo," Delma akajibu kwa heshima. "La pili unalitaka?"

"Sitaki!" Hudson akasema, akainuka, akashuka ngazi bila kuomba hata kipande cha nazi.

Walisikiliza mpaka hatua zake zikapotea. Delma alianza kucheka, akajiziba mdomo, akakimbilia nje kwenda kuwaambia wenzake habari za Jumamosi. Kaspa alibaki akimtazama mke wake. Aliitazama ngazi, kisha akamtazama tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba gunia peke yake kwa muda mrefu.

"Mama Delma," akanong'ona. "Hata mimi, siku ile, kule kibandani, nili..."

Loisa alimwekea kidole chenye wino mdomoni.

"Usiniambie, baba. Hiyo ni yako."

Akamsogezea viazi.

"Kula. Vinapoa."